Nyaya Mbili za Gedion

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. La, nakosea; hoteli za Diani zilikuwa zimeanza kufunguliwa tena na watu washavua barakoa, kwa hivyo ni elfu mbili ishirini na mbili. Nilikuwa nikizunguka kama kawaida yangu, leo Kikoneni, kesho Msambweni, na ndipo nilipomwona Gedion kazini.

Gedion alikuwa mtu wa Kitui. Aliletwa Pwani na majokofu ya hoteli, na kazi ilipokatika akabaki Ukunda na mkewe Damaris, akitengeneza mitambo ya baridi ya malori. Alikuja kwetu mtu wa haraka, asiyejua kubisha hodi. Pwani ikamtuliza. Mwishowe alikuwa akisalimu watu kutushinda sisi wenyewe.

Siku hiyo aliitwa na Biasha, mama anunuaye samaki wa Mkwiro. Hoteli moja ilikuwa imemwambia alete mzigo wa kwanza wauone. Ukiwapendeza, atakuwa akiwapelekea daima. Lori lilikuwa Msambweni, kwenye ghala la barafu la Iddi, likijazwa kidogo kidogo. Lori la namna hiyo likitembea, baridi yake hutokana na injini. Likisimama, huchomekwa stima ukutani, mota ndogo ikaichukua kazi. Sasa lilikuwa limechomekwa, languruma, lakini ndani joto.

"Shikamoo mzee," Gedion aliniambia, kisha akamgeukia Sanga, dereva. "Njiani ilikuwa inashika baridi?"

"Baridi ya kuuma magoti. Gesi imekwisha hiyo, fundi, tusizungushane."

"Gesi ingekuwa imeisha, hata njiani kungekuwa joto."

Akamwomba Biasha kipande cha leso kuukuu, akakifunga kwenye wavu wa feni. Injini ilipowashwa, kitambaa kilipepea nje. Ilipozimwa na stima ikashika, kitambaa kikavutwa ndani. Mota ilikuwa ikizunguka kinyume. Tundu la kuchomekea stima ukutani lilikuwa limehamishwa majuzi, na aliyelihamisha alipishanisha nyaya.

"Kosa liko ukutani," Gedion alisema. "Si kwa gari."

Boksi la stima halikuwa na kufuli hata. Lakini Iddi alikuwa mazikoni Lunga Lunga, simu ameizima.

"Fungua tu," Sanga alimwambia. "Iddi ni ndugu yetu."

"Boksi la mtu silifungui mwenyewe hayupo."

"Loo, Mkamba huyu amekuwa Mdigo kutupita."

Biasha alicheka, nami nikacheka. Gedion akafungua plagi ya lori badala yake, akapishanisha nyaya mbili, kosa likafuta kosa. Leso ikapepea nje, na baada ya muda Biasha akatia mkono mlangoni akasema alhamdulillahi.

"Sanga, nisikize. Sasa lori liko sawa hapa tu. Kule hotelini ukuta hauna kosa, mota itazunguka kinyume tena; usichomeke. Acha injini iendelee mpaka nije nirudishe hizi nyaya."

"Nimesikia, fundi. Wanifanya mtoto mchanga?"

Alfajiri Sanga alifika hotelini. Askari wa lango alimwambia azime injini, wageni wamelala. Akazima, akachomeka, akausikia mngurumo, akaenda zake kunywa chai. Mpokeaji wa mizigo alichelewa. Gedion alipofika kwa bodaboda, jua limeshapanda, mlango ulikuwa wazi na samaki wamelegea, macho meupe. Hoteli ikaukataa mzigo, ikachukua mtu mwingine.

Habari iliyorudi Msambweni ilikuwa moja: fundi wa bara kaharibu mtambo. Gedion hakubishana. Alimngoja Iddi, wakafungua boksi pamoja, akanyoosha nyaya za ukuta, kisha za lori. Hakuna aliyemwita tena. Kabla ya Krismasi yeye na Damaris walirudi Kitui. Biasha siku hizi akaanga samaki kando ya barabara, na jina la Gedion hataki kulisikia.

Mimi jambo hili hunisikitisha. Angebaki na ile haraka aliyokuja nayo, angelifungua lile boksi, na hadi leo angekuwa kwetu. Adabu ile alijifunza kwetu.

Mwaka jana nilimkuta Sanga stendi ya Ukunda, akipiga tairi kwa kiatu. Nilimuuliza jambo moja, naye akahamia tairi jingine: yule askari, ulimwambia maneno ya Gedion, au ulizima tu?