Bi Maji na Povu la Jakuzi

Shangazi yetu, dada mdogo wa baba, ndiye mtunza maji wa kliniki ya viungo iliyo nyuma ya soko. Wagonjwa wa magoti na viuno hunyooshwa pale, kisha huketi ndani ya jakuzi, beseni kubwa la maji moto yanayobubujishwa kwa mashine. Kazini wanamwita Bi Maji, na akiitwa hivyo hugeuka taratibu ili aitwe tena.

Zamani alikuwa dobi. Kwa dobi povu jingi ni sifa. Kwenye jakuzi ni aibu tupu.

Asubuhi moja aliwasha mashine, povu lililokuwa likizidi kila siku likapanda hadi ukingoni na kumwagika sakafuni. Meneja, mtu wa haraka zake, akamwambia atie dawa ya kuua povu kwani wagonjwa walishajipanga kwenye benchi. Akatia, povu likanywea. Mgonjwa wa kwanza hajatoka, limerudi.

Shangazi akamweleza meneja kwamba dawa ile inalilaza povu tu, haiondoi kinacholileta. Akaomba jakuzi lifungwe hadi kesho. Meneja akaguna, akatazama benchi, akasema haya, lakini asimwangushe.

Akafungua kichujio. Kilikuwa kinateleza kwa mafuta na kunukia karafuu. Shangazi akasimama nacho mkononi, maana harufu ile aliijua. Kulikuwa na bibi mmoja, fundi cherehani aliyestaafu, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea. Mumewe alimleta kila mara, na kabla ya kutoka nyumbani alimkanda magoti kwa mafuta ya karafuu. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mapenzi yake yanachafua maji?

Alilifikiria jambo hilo huku mikono ikifanya kazi. Alitia dawa ya kusafishia mabomba, akaacha mashine izunguke, na uchafu wa siku nyingi ukatoka kama utando wa maziwa. Akamwaga maji yote, akasugua kuta, akasuuza tena na tena, akaosha kichujio hadi kikaacha kuteleza. Ndipo akajaza maji mapya, akayapima, akatia klorini kiasi chake.

Kesho yake alimsubiri yule mzee, mume wa bibi, langoni, mbali na masikio ya watu.

"Mzee wangu," akamwambia, "mikono yako tunaihitaji sana hapa. Ila mafuta yaje baada ya maji, siyo kabla."

Mzee akainamisha kichwa. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nawachafulia?"

"Siyo wewe peke yako. Wengine wanaleta sabuni kwenye nguo zao za kuogelea, wengine losheni mwili mzima. Kuanzia leo kila mtu ataoga kwanza, na hizo nguo zisuuzwe kwa maji matupu. Wewe nimekuwekea kiti chako kule kando. Mkeo akitoka majini, mkande hapo hapo."

Mzee akacheka kidogo, akaenda kukijaribu kiti.

Mashine ikawashwa. Maji yakabubujika, mapovu madogo yakapanda na kupasuka, juu hapakubaki kitu. Bibi akaingia akishika chuma cha ukingoni. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja, akaona miguu yake mwenyewe chini ya maji. Akaukazia macho mguu wa kushoto, akauamuru usogee, nao ukasogea. Akausogeza tena, akamwita mumewe aje aone.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Alimwuliza Shangazi kama angeweza kuwafundisha watunzaji wa kliniki yao nyingine. Akajibu kwamba ataangalia nafasi yake.

Jioni alituhadithia yote, kila bomba na kila kona, akiwa amejinyoosha kitini. Baba, ambaye si mtu wa kusifu ovyo, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia sisi watoto.

"Mmemsikia dada yangu?" akasema.