Safari ya Japani Bila Baba

Baba yangu ni dereva wa magari ya IT, yale yaliyotumika Japani, yanayoshushwa bandarini Dar na kupitia hapa Tunduma kwenda Zambia. Juzi nilimpelekea ugali yadi, alikokuwa akisubiri karatasi za forodha. Nikamkuta na madereva wenzake wawili wameegemea kigari cheupe, milango wazi.

“Mwanangu, njoo uone,” akaniita. Kwenye droo ya mbele kulikuwa na kijitabu cha watalii, maandishi yote ya Kijapani, picha tele. “Wewe ndiye msomi wetu. Hebu tupangie safari.”

Mimi mbele za watu sauti hukwama. Lakini zile picha zilinichukua. Nikaanza kidogo kidogo: tutapanda treni inayopita kati ya milima, kama ya Ileje ila ina theluji kichwani. Tutashuka penye daraja jekundu tupige picha. Tutakula samaki waliochomekwa vijitini kuzunguka makaa, na tambi za mchuzi. Usiku tutalala nyumba ya mbao, juu ya mikeka, viatu vyote vimepangwa mlangoni.

“Tutalala akina nani?” baba akauliza, anatabasamu.

“Mimi, mama na mdogo wangu.”

“Na mimi je?”

Ukweli ni kwamba nilipofika kwenye vile viatu, zilinijia soksi za baba. Zimetoboka vidoleni, na akivua viatu baada ya safari ya Dar, sisi nyumbani tunafungua dirisha. Nilimtoa hapohapo, kimyakimya, kabla hajauliza. Sasa wote walikuwa wananitazama.

“Wewe... wewe utakuwa unatuendesha.”

Madereva walicheka, mmoja akapiga boneti. “Suka wetu, hongera! Hata Japani umepata kazi ya udereva!”

“Si kasema treni?” mwenzake akadakia. “Treni umeijulia wapi, mzee?”

Baba naye alicheka. Uso ulikuwa unaniwaka. Akakichukua kile kijitabu mkononi mwangu, akarudisha kurasa taratibu hadi kwenye ile nyumba ya mbao, akaitazama sana. Yeye foleni ya mpakani ikiwa ndefu hulala humohumo garini, kiti kimelazwa, miguu haienei.

“Na huko dereva analala wapi?” akaniuliza. Hakuwa anatania tena.

Ningeweza kumjibu: pamoja na sisi, baba. Nikasema sijui.