Jibu la Nne Lilikuwa Lake

Kifo chenyewe sikukishuhudia. Mdogo wake alinipigia simu asubuhi kuniambia kwamba dada yake amefariki hospitalini, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa kando ya kitanda, namwamini. Kuhusu ugonjwa nimepewa maelezo matatu yasiyopatana, na sitayarudia hata moja. Nilichokiona kwa macho yangu ni jeneza likitolewa nyumbani kwao Mishomoroni. Nilichokisikia kwa masikio yangu, kabla jeneza halijatoka, ni mtu aliyeketi karibu nami akimweleza mwenzake kwamba marehemu hakuwa mwalimu wa haki, kwani mtihani wa chuo kikuu alifanyiwa. "Na nani?" nikamuuliza. "Na mzee mmoja, mwalimu wa zamani. Yule mama alikuwa haoni, sasa angeandika vipi?" "Ulikuwepo?" "Sikuwepo, mzee wangu, lakini habari hii Kisauni nzima inaijua." "Na mzee huyo unamfahamu?" "La. Nasikia naye ameshakufa." Nikamwambia, "Bado."

Mzee huyo ni mimi. Katika chumba kile cha mtihani tulikuwa watu watatu. Mmoja tumemzika, wa pili sijui aliko, nimebaki mimi. Nikinyamaza, neno la yule jirani yangu wa matangani ndilo litakalosimama, na mwanamke aliyeteseka kwa ajili ya cheti chake atakumbukwa kama mtu aliyepewa cheti cha mwingine.

Alinijia barazani kwangu Mkomani akiwa na umri wa karibu miaka arubaini, ameshikwa mkono na mdogo wake. Kwa miaka mingi alikuwa mpokea simu katika hoteli moja ya Shanzu, hadi macho yake yakafifia akawa anaona kama mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Kazi ikamshinda, akaingia chuo kikuu kusomea ualimu. Barua ya chuo, ambayo alinipa niisome, ilimuahidi vitabu vilivyorekodiwa, msomaji, na mtu wa kumwandikia mitihani. Nilikwenda mara tatu kwenye ofisi iliyotajwa katika barua ile, na mara zote tatu niliukuta mlango umefungwa. Siku nyingine ulikuwaje, sijui. Wenzake wa darasani walikuwa wakimrekodia mihadhara kwa simu, naye akiisikiliza akipika, akifua, akisubiri foleni. Mwandishi aliyepangiwa hakutokea katika jaribio la kwanza la darasani. Chuo kikamwambia atafute wake, mradi asiwe mwanafunzi wala mhadhiri wa hapo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeambiwa wewe huna huruma."

"Nani kakwambia?"

"Kila mtu. Wanasema hata mwanao wa kumzaa ulimwangusha darasani."

"Hayo umeyasikia."

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli. Lakini umeyasikia."

Akacheka, akamgeukia mdogo wake. "Basi ni huyu huyu. Wenye huruma nimewachoka."

Mtihani ulikuwa wa upimaji wa elimu, na asiyeupita hakuruhusiwa kwenda mazoezi ya kufundisha. Kwake hilo lilimaanisha kungoja mwaka mzima, na katika mwaka huo hakuna daktari aliyeweza kumhakikishia kwamba tundu lile la ufunguo lingebaki wazi. Alitaka, walau mara moja, asimame mbele ya darasa huku akiziona nyuso, hata kama ni moja moja. Haya aliniambia mwenyewe. Tulipewa stoo iliyopangwa viti vibovu, na msimamizi alikuwa binti wa shahada ya uzamili. Mtahiniwa wangu alitamka majibu, mimi nikaandika. Maswali matatu yakaenda sawasawa. Swali la nne liliuliza tofauti kati ya uthabiti wa mtihani na uhalali wake. Mwalimu yeyote anaijua. Mtihani thabiti hutoa matokeo yale yale unaporudiwa. Mtihani halali hupima kile ulichokusudiwa kupima. Yeye, kwa uchovu au kwa hofu, akayachanganya mawili hayo, uthabiti akauita uhalali na uhalali akauita uthabiti. Nami, ambaye nimesahihisha madaftari muda mrefu kuliko umri wake, mkono wangu ukaandika lililo sahihi. Sikujiuliza. Kisha nikaongeza sentensi moja ya mfano, kwa sababu jibu bila mfano daima limenikera.

"Mwalimu," akasema. "Mimi nimenyamaza. Kalamu inaandika nini?"

Sikuwa nimefikiri kwamba anaisikiliza kalamu. "Namalizia," nikamjibu.

"Unamalizia ya nani?"

Msimamizi akainua kichwa. "Mama, mwache mzee. Si anakusaidia?"

"Dada yangu, na nikipewa darasa, nitakwenda naye mkononi? Mwalimu, nisomee jibu la nne."

Nikalisoma. Akasikiliza hadi mwisho, akiwa ameinamisha uso kama mtu anayesikiliza simu ya mbali, na nikaona alipotambua. Kwa kusahihisha jibu lake nilikuwa nimemfichulia kwamba amekosea. Sasa alilijua jibu sahihi, alijua limeshaandikwa, na alijua vilevile nini kinamngoja endapo halitakuwepo. Zilibaki dakika kumi.

"Hayo si maneno yangu. Yafute. Andika niliyosema."

"Binti yangu, ulichosema ni kosa."

"Ni kosa, ndiyo. Kosa ni langu. Lifute hilo lako."

"Utaanguka."

"Nikianguka nitakuwa nimeanguka mimi. Nikipita hivi, nani atakuwa amepita?"

Nikapiga mstari juu ya maneno yangu, naye akayatamka yake upya, neno kwa neno, pamoja na makosa yake, safari hii polepole, akinyamaza kila baada ya sentensi hadi kalamu inyamaze nayo. Mwishoni kulikuwa na fomu ambayo mwandishi hutia saini, inayosema kwamba aliyoyaandika ni yale tu aliyoambiwa na mtahiniwa. Nikatia saini. Robo saa kabla yake ningetia saini ile ile juu ya uongo, na ningejiona mwema.

Matokeo yalipotoka, alikuja barazani, akanipa karatasi. "Nisomee." Nikamsomea. Alikuwa ameanguka, kwa alama chache ambazo jibu moja lingetosha kuzifidia. Hakunilaumu. Aliuliza tu tarehe ya kurudia.

Mwaka ule niliwaza sana juu ya hicho tunachokiita msaada. Ofisi iliyofungwa ilimnyima alichostahili, na mimi nilimpa kisichokuwa chake. Nilikuwa nikijiona bora kuliko ofisi ile, lakini nilipojichunguza nilikuta ndani yangu dhana ile ile, kwamba mtu asiyeona hataweza, basi ama aachwe ama afanyiwe. Alichohitaji kwangu kilikuwa kidogo na kigumu, yaani mkono usio na maoni. Ni kigumu zaidi kwa sisi wasomi, tuliozoea kulipwa kwa maoni yetu. Wapo wengine watakaoketi leo na kesho katika stoo kama ile, na maneno ya matangani yakiachwa yazagae, kila mmoja wao atashukiwa kabla hajafungua kinywa. Anayetaka kuwasaidia na aanze kwa kufungua mlango wa ofisi, na akishika kalamu, aiache inyamaze wanaponyamaza wao.

Alirudia mtihani, na akaja kunichukua mimi tena. Nikamuuliza kwa nini hakutafuta mwingine. "Abee, mwalimu? Nianze kufundisha mwingine upya? Wewe umeshajua." Nilimwandikia, na matokeo ya mara ya pili nayo nilimsomea mwenyewe. Alikuwa amefaulu. Kwamba baadaye alikuwa mwalimu hodari nimeambiwa na wengi ninaowaheshimu, na wanafunzi wake niliwaona wakilia siku ya maziko. Lakini darasani kwake sikupata kuingia, na kama alipata kuziona nyuso zile sikumuuliza, kwa hiyo sitaweka ushahidi wangu hapo, hata kama habari zenyewe zinanipendeza. Ninachoweza kukiapia ni kidogo zaidi. Katika karatasi yake ya mtihani wa kwanza, jibu la nne, kuna mistari minne iliyokatwa, yenye jibu sahihi, kwa mwandiko wangu. Chini yake, kwa mwandiko huo huo, kuna jibu lililokosewa. Hilo ni lake, na nililiandika kama alivyolisema.