Mawe Yaliyoegemezwa Ukutani

Nilipokuwa na miaka minane sikujua kwamba bustani niliyoipenda kuliko zote London ilikuwa makaburi. Ilikuwa katikati ya jiji, kwenye mitaa ya mabenki, imebanwa na majengo ya ofisi pande tatu na kanisa la zamani upande wa nne. Ilikuwa na majani yaliyokatwa vizuri, mabenchi, mti mmoja mkubwa wa forosadi, na kando ya ukuta mawe bapa yaliyoegemezwa kama milango iliyong'olewa kwenye nyumba inayobomolewa. Nilikuwa nikijificha nyuma ya mawe yale. Yalikuwa na maandishi, lakini mtoto husoma anachoambiwa asome, na hakuna aliyewahi kuniambia nisome mawe.

Mama alisafisha ofisi katika mitaa ile. Alfajiri alisafisha jengo moja, alasiri jengo jingine, na katikati alibaki na muda asiokuwa na pa kuupeleka. Kurudi nyumbani Walthamstow kisha kuja tena kulimchosha bure. Mkahawani hukai bila kununua. Kwa hiyo alikaa bustanini, mvua isiponyesha, akavua viatu na kula chakula alichobeba. Nadhani palikuwa mahali pekee katika mji huu ambapo mama yangu aliweza kukaa bila mtu kumuuliza anafanya nini.

Mwaka ninaousema alikuwa mjamzito. Baba, aliyefanya kazi kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi, alimleta mama yake kutoka Tanga aje kusaidia uzazi. Bibi alikuwa mfupi, mwenye maneno mengi, na aliniita mume wangu, kama bibi wengi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume. Kwa hesabu hiyo mama yangu akawa mavyaa wake, yaani mama mkwe, na bibi hakuliacha jambo hilo lipite. "Mkwe wangu leo kanipikia nini?" alikuwa akiuliza kila jioni, na mama, ambaye kwa kweli ndiye aliyepaswa kumwogopa mavyaa wake, alimjibu kwamba binti mwenye adabu huingia jikoni mwenyewe. Walicheka sana wale wawili. Ni lazima niliandike hilo, kwa sababu baadaye hakuna aliyelikumbuka.

Shule zilipofungwa, bibi aliamua kwamba mwanamke mwenye mimba hawezi kula chakula kilichopoa. Alipika wali wa nazi na samaki wa kukaanga, akaifunga sufuria kwa kanga mbili, akavaa koti la baba juu ya baibui ingawa jua lilikuwa kali, na tukapanda treni kwenda mjini. Mama alitupokea langoni mwa bustani. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa watu wa ofisi, basi bibi akakaa juu ya jiwe moja pana, refu kama meza, na kuanza kupakua.

"Mume wangu," akaniambia, akiwatazama, "mji huu una matajiri wa ajabu. Mtu kavaa suti nzima, anakula mkate mkavu juani."

"Ndicho chakula chao, bibi."

"Mpelekee samaki yule wa tai nyekundu. Ananitia huruma."

Mama alicheka mpaka akashika tumbo. Bibi akaendelea kula, akaendelea kutazama, na macho yake yakafika ukutani.

"Na yale mawe? Wanataka kujenga?"

"Hapana, yana majina."

"Majina ya nani? Hebu nisomee."

Nyumbani nilisemeshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza, kama watoto wote wa rika langu, lakini kwa bibi hilo halikuwezekana. Nilisimama mbele ya jiwe la kwanza nikamtafsiria kadiri nilivyoweza. Amelala hapa mwanamke fulani, mke wa fulani, na watoto wake watatu, wote wachanga.

"Wamelala wapi?"

"Hapa, bibi."

Alinyanyuka kama mtu aliyekalia kaa la moto. Alilitazama jiwe alilokuwa amekalia, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba nalo lilikuwa na maandishi. Alitema wali kiganjani. Kisha akajifunga vizuri ushungi, akaikabili bustani nzima, na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka langoni: "Asalamu alaykum, enyi wenyeji wa hapa. Tuwieni radhi. Tu wageni, hatukujua." Yule mwenye tai nyekundu alidhani anasalimiwa yeye. Akainua mkono.

Mimi nilicheka. Mama pia alianza kucheka, akaacha alipouona uso wa bibi.

"Wewe ulikuwa unajua?" bibi akamuuliza.

"Najua nini, mama?"

"Kwamba kila siku unakula juu ya watu."

"Mama, hii ni bustani. Hao walikufa zamani. Walishahamishwa."

"Wakapelekwa wapi?"

Mama hakujua. Miaka mingi baadaye nilisoma ubao ulio langoni, na nikaona kwamba bibi aliuliza swali sahihi kuliko alivyodhani yeyote kati yetu. Yaliyohamishwa ni mawe, ili majani yakatwe kwa urahisi. Watu wako palepale.

"Mwenye mimba hapiti makaburini," bibi akasema, safari hii kwa upole, akimshika mama mkono. "Sembuse kuweka kituo. Waliolala hapa walizika watoto wao wachanga. Wakikuona na tumbo, wanalitamani. Usije tena, mwanangu. Nakuomba."

"Nikakae wapi?"

Bibi akauachia mkono wake.

"Nakuuliza, mama. Niambie nikakae wapi, nitakwenda."

Bibi aliyatazama majengo yale ya vioo, moja baada ya jingine, kana kwamba kweli anatafuta. Kisha akainama na kuanza kufunga sufuria.

Walipatana jioni ile. Mama angeendelea kukaa bustanini, kwa kuwa hapakuwa na pengine, lakini angevaa mvuje. Bibi alikuja nao kutoka Tanga kwa ajili ya mtoto atakayezaliwa. Ni utomvu mkavu, una harufu kali ya kitunguu saumu kilichosahaulika kabatini, na watu wetu wanaamini kwamba hakuna jini wala mzimu unaoisogelea harufu ile. Bibi alichukua kipande, akakifunga kwenye kitambaa cheusi, akakibana kwa pini ndani ya sare ya kazi ya mama. Baba alikuwa akitazama. Mama alinikonyeza. Asubuhi iliyofuata alipanda treni akinuka kama duka la dawa za asili, na bibi akashinda siku nzima ametulia.

Haikupita wiki. Mama alirudi jioni, akavua koti, akaketi mezani.

"Mkwe wangu hanuki leo," bibi akasema.

"Nimeuvua, mama. Msimamizi kaniita. Anasema wenye ofisi wamelalamika, wanadhani bomba la maji machafu limepasuka." Alisema hivyo akitabasamu, akingoja tucheke naye. "Kaniambia nichague harufu au kazi."

"Nawe ukachagua."

"Kodi ya nyumba hailipwi kwa mvuje, mama."

"Haya," bibi akasema. "Basi kazi na ikulindie mtoto."

Baba alikuwa akila. Hakuinua uso kwenye sahani. Nimeirudia picha ile mara nyingi zaidi kuliko picha nyingine yoyote ya utoto wangu: baba yangu akitoa miiba ya samaki kwa uangalifu mkubwa, mmoja mmoja, wakati ambapo neno lake moja, kwa upande wowote ule, lingefaa.

Mtoto alikuwa wa kike. Alizaliwa kabla ya wakati wake, na alizaliwa amekufa. Daktari alieleza kwamba kondo la nyuma lilibanduka mapema, jambo ambalo humpata mwanamke yeyote, na kwamba hawakuona sababu. Baba alimtafsiria bibi maelezo hayo nje ya chumba, nami nikiwa nimeshikwa mkono.

"Sababu wanayo," bibi akasema. "Hawataki kuisema tu."

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alimwosha maiti yule mdogo kwa mikono yake, akamkafini, na alilia mpaka sauti ikamkauka. Hakumgombeza mama hata siku moja. Alimpikia uji, akamkanda kwa maji ya moto, akamfulia. Lakini alikuwa na sentensi moja aliyoisema akiwa peke yake, jikoni, akidhani hasikiki, na nyumba yetu ilikuwa ndogo, kila kitu kilisikika. "Nilisema, jamani. Nilisema." Wanawake waliokuja kutupa pole walimkuta akisema hivyo, wakamuuliza alisema nini, naye akawaeleza. Hawakumpinga. Walitoka pale wakijua, na kuanzia hapo kila aliyemtazama mama alimtazama kama mtu anayejua.

Bibi alirejea Tanga kabla ya baridi. Kwenye uwanja wa ndege aliniita mume wangu na kunibusu kichwani. Mama alimuaga kwa heshima, bila utani wa binti na mkwe. Bibi hakurudi tena London, na alikufa nikiwa sekondari. Mama aliacha kazi ile, akapata nyingine kwenye jiko la hospitali. Hakuzaa tena. Baba aliishi naye vizuri, kwa maana ya watu wanaposema mtu fulani anaishi na mkewe vizuri. Hakumpiga wala hakumtukana. Jambo lile hakulitaja hadi alipokufa.

Nilipokuwa chuo kikuu, nikisomea takwimu, nilimkalisha mama siku moja nikamweleza. Nilimwambia kwamba wajawazito wengi hukaa kwenye bustani zile na kujifungua salama, na kwamba tukio moja kufuata jingine si ushahidi. Nilimchorea hata mchoro. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia nilipokuwa nikimletea picha nilizochora shule ya awali. Niliridhika. Nilidhani tumemaliza.

Mwaka jana mke wangu, Rukia, alikufa kwa saratani ya kongosho. Tangu kugunduliwa hadi kuzikwa haukupita muda wa maana. Nililielewa kila neno la madaktari, na nilijua kusoma kila grafu waliyonionyesha. Nilipouliza kwa nini yeye, asiyevuta sigara, aliyekula vizuri kuliko mimi, walisema kwamba hawajui. Nililikubali jibu hilo, kwa sababu ndilo ambalo mimi mwenyewe ningelitoa. Halikunisaidia kitu.

Siku ya khitma nyumba ilijaa. Watu walitoka Stratford, wengine Edgware Road, na wengi wao, baada ya pole, waliuliza alianza vipi, na kama hakukuwa na jambo fulani hapo nyuma. Niliwajibu kwa adabu. Mama, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alinivuta jikoni na kufunga mlango.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nikusamehe nini, mama?"

"Walinifuata mimi hadi nyumbani. Wakachukua wa kwangu. Sasa wamechukua na wa kwako." Alikuwa akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Ningemsikiliza bibi yako, mkeo angekuwepo."

"Mama, ile ilikuwa bustani tu."

"Na mimi ndivyo nilivyomwambia," akasema.

Kabla sijamjibu lilinijia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwa kitambo nilitamani iwe kweli. Nilitamani wawepo wanawake wawili au watatu wa kale chini ya majani yale, wenye wivu na majina, ambao naweza kwenda kuwauliza. Nilimwelewa bibi vizuri kuliko nilivyowahi kumwelewa. Alipewa kifo kisicho na sababu, akakitafutia, na aliyekuwa karibu alikuwa mama yangu.

Kisha nikamwambia mama kwamba hakukosa. Si safari hii, wala ile ya kwanza. Nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, nikiwa nimemshika mabega. Alinipapasa shavu, akaniambia nipeleke chai, wageni wanangoja. Nikaipeleka.

Bustani ile ipo hadi leo. Nimeshapita mara kadhaa tangu msiba, na mchana huwa imejaa watu wanaokula, wajawazito wakiwemo. Sina chuki nayo. Sina chuki na bibi wala na imani yake, kwani alimwogopea mjukuu wake, na hofu hiyo ilikuwa mapenzi. Kilichobaki kikinichoma ni kwamba mama aliuliza akakae wapi, na kati yetu sote hakuna aliyekuwa na jibu, lakini mtoto alipokufa kila mtu alikuwa nalo. Neno alilolihitaji lilikuwa moja, hukukosa, na mwenye kulisema alikuwa mezani, akitoa miiba. Mimi nililisema baada ya miaka arobaini, na si kutoka kwangu alikokuwa akilingoja.