Daftari la Sumaku

Sisi tuliokulia Kimandolu kabla njia za ndani hazijatiwa lami, tuliokwenda shule na ufagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono wa pili, tuna harufu zetu tunazozibeba mpaka leo. Wapo wanaokumbuka moshi wa kuni za mgrivea. Wapo wanaokumbuka uji wa shule ulioshika chini ya sufuria. Mimi harufu yangu ni ya oili ya difu.

Aliyewahi kuishika hahitaji kuelezwa. Ni nzito kama asali na inanuka kiberiti kilichochanganywa na yai viza, tena ikishakuingia mikononi haitoki kwa sabuni ya mche, wala kwa mafuta ya taa na majivu. Jumatatu darasani, tuliobanana watatu kwenye dawati moja, mwenzangu alikuwa akisogea pembeni na kusema, "Neema, umelala na lori?" Nilikuwa nakasirika. Sikujua kwamba ipo siku ningeitamani harufu hiyo.

Baba alikuwa na lori moja la kubebea ndizi, maharage na vitunguu, na hakuwahi kulipeleka popote kwa sevisi ya kawaida. Si kwamba alidharau mafundi, kwani rafiki yake mkubwa alikuwa fundi wa Ngarenaro. Aliamini tu kwamba mtu anayelala usingizi juu ya kazi ya chombo fulani anapaswa kulala chali chini ya chombo hicho mara chache kwa mwaka. Basi Jumamosi ya sevisi ilipofika, alilizungusha kwanza lori mpaka Ngarenaro na kurudi ili oili ipate moto, hasa mwezi wa Julai, ambapo baridi ya Meru huifanya oili igome kutiririka. Kisha alitandaza gunia, akavaa ovaroli yake iliyokwisha rangi, akatuita mimi na mdogo wangu Elibariki.

Hapo ndipo tulipojifunza kwamba difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu ya injini kwa magurudumu, lina nati mbili: ya juu ya kujazia na ya chini ya kumwagia. Tulijifunza pia sheria ambayo Baba aliisema kila mara, kama vile hatujawahi kuisikia: "Fungua pa kulishia kabla ya kufungua pa kutolea." Ukianza na ya chini, oili yote ikamwagika, halafu ya juu ikakataa kufunguka kwa kutu, umebaki na lori lenye njaa lisilo na mdomo. Mama alikuwa akiisikia sheria hiyo kutoka jikoni, naye akiitikia, "Na wewe ungefungua pa kulishia, chai imepoa." Oili mpya ilijazwa taratibu mpaka ilambe mdomo wa tundu la juu, na Baba alihakikisha kwa kidole. Ile chafu haikutupwa, tuliipaka nguzo za uzio ili mchwa wakafie mbali.

Lakini kiini cha siku kilikuwa ni sumaku. Nati ya chini ilikuwa na sumaku ndogo kwenye ncha yake, iliyonasa kila chembe ya chuma iliyosagika ndani. Baba alikuwa na daftari la mistari, la shule kama yetu, na kila sevisi aliifuta sumaku juu ya ukurasa mpya, likabaki doa la kijivu, kisha akaandika tarehe pembeni. Doa laini kama unga lilikuwa afya. Doa lenye chembe za kukwaruza kidole lilikuwa onyo. Na ikiwa kuna kipande, hata kidogo kama punje ya mchele, lori halikusogea mpaka difu ifunguliwe yote. Sheria hiyo haikuwa na msamaha. Nilipofika darasa la nne, kazi ya kufuta sumaku ikawa yangu, nami nilijiona nimepewa daraja la kanisani.

Mwaka huo tulikuwa tunakwenda Kikwe kwa Bibi mzaa mama kwa Krismasi. Watoto wa leo hupakiwa kwenye gari dogo, kila mmoja na simu yake, wakafika bila kujua wamepita wapi. Safari yetu sisi ilianza wiki mbili kabla, kwa ndoto. Lori lingebeba magodoro, mchele, kreti za soda, mbuzi mmoja, na watoto tisa wa ukoo na wa jirani. Huko kulikuwa na mfereji wa kuogelea, michezo ya kombolela kwenye migomba, na loshoro ya Bibi, ile ya mahindi na maziwa ya mgando, ambayo Mama hakuwahi kuipatia mjini hata alipojitahidi vipi.

Siku moja kabla ya safari, Baba akafanya sevisi. Alifungua nati, akanikabidhi, na wakati huohuo jirani akamwita getini. Nikaigeuza sumaku. Katikati ya ule ute wa kijivu kulikuwa na kipande cha chuma, kimepinda kama kucha iliyokatwa, upande mmoja kinang'aa.

Nilijua maana yake barabara kama nilivyojua jina langu. Difu ingefunguliwa, zingepita siku tatu, Krismasi ingetukuta Kimandolu. Nikakichomoa, nikakisukumia ndani ya soksi, nikaufuta ute uliobaki kwenye ukurasa. Baba aliporudi, alisugua doa kwa kidole gumba na kutabasamu. "Unga mtupu," akasema. Akaandika tarehe.

Asubuhi tuliondoka kwa nyimbo. Nyuma walikuwa wakipiga ndoo kama ngoma, mimi nimekaa mbele kati ya Baba na Mama, na kile kipande kimo ndani ya soksi kikinichoma kifundo cha mguu. Tulipokaribia Tengeru, Baba alizima redio.

"Mama Neema, unasikia?"

"Nasikia wanao wanaimba."

"Chini ya wanao."

Mama akatega sikio. Ulikuwepo mlio mwembamba, kama mtu anayekwangua sufuria nyumba ya tatu. Baba akajijibu mwenyewe: "Haiwezekani. Oili ni ya jana, na sumaku ilikuwa safi." Akaongeza mwendo.

Aliongeza mwendo kwa sababu aliniamini. Jambo hilo sikuweza kulieleza wakati ule, lakini nililemewa nalo. Niliinama, nikakitoa kipande kwenye soksi, nikakiweka juu ya goti lake.

"Baba, haikuwa safi."

Alisogeza lori pembeni polepole sana, akalisimamisha chini ya migrivea. Alikitazama kile kipande kwa muda, kisha akanitazama mimi. "Kwa nini?"

"Tungekosa kwenda kwa Bibi."

Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akawateremsha watoto mmoja mmoja kwa mikono yake, na kila aliyemgusisha ardhini alimhesabu kwa sauti. Mmoja. Wawili. Alipofika tisa alirudia tena kuanzia mwanzo, ingawa wote walikuwa wamesimama mbele yake wakimshangaa. Ndipo akaniambia, bila kupandisha sauti: "Difu ikishika ghafla mwendoni, magurudumu ya nyuma yanasimama yenyewe. Dereva anabaki na usukani wa mapambo."

Wenzangu walichukuliwa na mjomba Zakaria, kaka yake Mama, kwa trekta na trela, na Mama akaenda nao. Mimi nikaomba kubaki. Rafiki wa Baba alikuja kutoka Ngarenaro na vifaa vyake, wakaifungua difu palepale, wakakuta jino la pinioni, ile gia ndogo inayoingiza nguvu ya injini kwenye difu, limevunjika na lingine lina ufa. "Kwenda Kikwe labda ungefika," fundi yule alisema. "Kurudi, usingerudi." Kisha akanigeukia: "Na huyu ndiye msomaji wa sumaku? Mtihani mmoja umefeli, mmoja umefaulu. Njoo ushike taa." Siku ya Krismasi mjomba alituletea palepale barabarani loshoro ya Bibi ndani ya kindoo chenye mfuniko. Niliila kwa vidole vinavyonuka oili, nikaimaliza.

Sikuchapwa. Tuliporudi nyumbani Baba alilifungua daftari kwenye ukurasa ule, akakibandika kile kipande kwa selotepu kando ya doa langu la uongo, akanipa kalamu. "Andika." Nikaandika kwa mwandiko wa darasa la nne: *Hiki nilikificha.* Ukurasa huo upo hadi leo. Selotepu imekuwa ya njano, na chuma kimeacha kivuli cha kutu upande wa pili wa karatasi.

Leo mambo yamenyooka. Lori ni jipya, Elibariki ndiye anayeliendesha, na liko chini ya dhamana ya wakala aliyeliuza, lazima sevisi ifanywe kwenye gereji yake. Ukigusa nati yoyote mwenyewe, dhamana imekufa. Mimi niliyesoma chuo ndiye niliyeushawishi ukoo ukubali, nami sijutii hoja zangu: pale pana wataalamu, sakafu ni safi, oili chafu haifiki kwenye udongo kama ilivyofika kwenye uzio wetu. Mteja hukaa nyuma ya kioo kwenye kiti laini na kikombe cha kahawa. Kizazi changu tunakipenda kioo hicho. Taa ya hatari ikiwaka kwenye dashibodi, tunaipiga picha, tunawatumia marafiki, kisha tunaendelea na safari tukisubiri majibu.

Mwezi uliopita nililipeleka mimi, kwa kuwa Elibariki alikuwa anaumwa. Walifanya kazi yao kwa adabu na kwa wakati, wakanipa karatasi yenye alama za vema kutoka juu hadi chini. Nikaipeleka Kimandolu. Baba sasa magoti yake hayamruhusu hata kuinama kufunga viatu. Alivaa miwani, akaisoma karatasi yote, akairudisha.

"Sumaku ilikuwaje?"

"Wameandika hali ni nzuri, Baba."

"Hayo waliyoandika nimeyasoma. Nimekuuliza ilikuwaje."

Ilikuwaje? Nilikunywa kahawa. Kulikuwa na kioo. Sikuwaza hata kuomba kuiona, wala siamini kwamba wangenikatalia. Baba alinituma kabatini nilete daftari. Baada ya doa la mwisho la lori la zamani, alikuwa ameandika tarehe za kila sevisi ya wakala, moja kila ukurasa. Kurasa tano zenye tarehe, na chini yake weupe mtupu. Alikuwa akitusubiri, na hakuwahi kutusema.

Akaandika tarehe ya siku ile kwenye ukurasa wa sita, akanisogezea kalamu kama zamani.

"Andika."

Utotoni nilijua kilichokuwa ndani ya difu, nikaficha. Siku hii sikuwa na cha kuficha, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Kutoka jikoni Mama aliuliza kama chai ipoe tena. Nikauinamia ukurasa, vidole vyangu vikinuka sabuni nzuri ya dukani, nikaandika neno moja: *Sijui.*