Neno Moja, Kazi Chungu Nzima

Tangu Badru apunguzwe kazi kiwandani Chang'ombe, sufuria ya mkewe Mwanakombo ilikuwa ikichemsha maji zaidi ya unga. Ndipo jirani yao Kokushubila, mpishi wa wazungu kule Msasani, alipoleta habari kwamba bosi wake anatafuta yaya. Sharti awe na Kiingereza kidogo.

"Mie niliishia 'gudi moning ticha,'" alisema Mwanakombo, kitoto chake Nusaiba kikinyonya.

"Basi shika moja tu: 'take'. Yule mama hamalizi maneno bila hilo. Dawa kunywa, 'take'. Kuoga, 'take'. Picha kupiga, 'take'. Hata viatu kuvua!"

"Makubwa! Maneno mengine nayo yamepunguzwa kazi?"

Kokushubila alicheka hadi akamwaga mchele aliokuwa akiupeta ungoni. Lakini Mwanakombo hakulichukulia mzaha. Akifua, akisonga ugali, alilirudia neno lile, na kila akilirudia linazidi kumtisha. Lenye kazi zote hizo, utajuaje leo limekujia kwa ipi?

Asubuhi akamwacha Nusaiba kwa bibi yake pale Temeke, akaandamana na Kokushubila hadi Msasani. Mama wa kizungu alisema mengi, Mwanakombo hakuambulia kitu. Kisha akamnyooshea mwanawe mchanga aliyekuwa akilia.

"Take him."

Mwanakombo akalipitisha neno lile kichwani. Amwogeshe? Amvue nguo? Ampe dawa? Kokushubila, mlangoni, alimtolea macho tu. Mtoto akazidi kupaza sauti, kilio kilekile cha Nusaiba akiwa na njaa, na Mwanakombo akahisi maziwa yanamshuka.

"Bismillahi," akasema. Akampokea, akamfunga mgongoni kwa kanga, akaanza kuyumba taratibu, akimwimbia puani. Mtoto akanyamaza.

Yule mama akakitazama kile kifurushi cha mgongoni kitambo kizima. Akamgeukia mpishi wake, wakasemezana.

"Umepata, mama Nusaiba," Kokushubila akanong'ona. "Kuanzia kesho. Uje alfajiri, urudi jioni."

"Kila siku?"

"Jumapili unapumzika. Mjibu basi shoga, anakungoja!"

Mwanakombo akamgeukia yule mama.

"Yesi."

Hilo halikuhitaji kufundishwa. Mbele, gauni lilikuwa limeshalowa kifuani, na mwenye maziwa yake yuko Temeke, pengine ameshaamka, anamtafuta.