Kiboko Kwenye Ubao wa Sataranji

Nina seti saba za sataranji zilizotengenezwa Urusi, zote za mbao, na zote zimekaa kwenye kabati la vioo sebuleni kwangu. Wageni hudhani mimi ni bingwa wa mchezo huo. Siwakatalii. Ukweli ni kwamba seti sita kati ya hizo sijazichezea hata siku moja, na ile ya kwanza nilifungwa nayo mara nyingi na mjomba wangu, mchonga mitumbwi ambaye hakujua kusoma.

Ilinifikia katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi Ifakara kutoka chuo kikuu huko Kampala, nikifundisha, nikikaa Lipangalala katika nyumba ya bati, na nikivaa soksi ndefu hata siku za joto kali ili watu wasije wakasahau nilikosomea. Mpolandi mmoja aliyekuwa akitunza mashine za kiwanda cha kupasulia mbao alikuwa anahamia Uingereza. Wakati wa vita Warusi walimchukua yeye na ndugu zake wakawapeleka mbali kwenye baridi. Alipoachiwa alitoka huko na sanduku la sataranji alilobadilishana kwa soksi za sufu. Katika safari yote, hadi kwenye kambi za wakimbizi Tanganyika, ilipotea kete moja tu: farasi mmoja mweusi. Mahali pake aliweka kizibo cha chupa.

"Chukua, mwalimu," aliniambia. "Lakini ucheze. Usiiweke kama picha ya harusi."

Nikaahidi.

Masika ile mto ulifurika, kazi ya mitumbwi ikasimama, na mjomba akawa anakuja kila mchana na kambale wake kwenye kikapu. Nilimfundisha mchezo, nusu kwa upendo na nusu kwa kutafuta mtu wa kumshinda. Alijifunza haraka kuliko nilivyopenda. Alizigeuza kete mkononi, akazinusa, akasema huu si mti wa kwetu. Akamkazia macho askofu, ambaye Warusi walimchonga bila msalaba, mwili mweusi na kichwa cheupe.

"Huyu askofu mbona mwembamba hivi? Hapewi wali?"

Kisha akashika kizibo. "Na huyu?"

"Huyo ni farasi, mjomba. Mwenyewe alipotea."

"Farasi ni mnyama gani?"

Lilikuwa swali la haki. Bonde letu lilijaa mbung'o, na farasi haishi penye mbung'o. Nikamwambia ni kama punda, ila mrefu zaidi, mwenye majivuno.

"Kama mwalimu," alisema. "Haya, anafanya kazi gani hapa?"

Nikamwonyesha: anaruka juu ya wenzake, anakwenda mbili na kukata moja, anatokea pale usipomtazamia. Mjomba akacheka hadi akakohoa.

"Basi huyo namjua! Unasukuma pondo lako, maji yametulia, huoni kitu, kumbe yuko chini ya mtumbwi."

Siku mbili baadaye alileta kiboko. Alikuwa wa mvule, kipande kilichobaki kwenye mtumbwi, amepakwa masizi na mafuta, mdomo wazi, masikio mawili kama punje za mpunga. Chini alikatwa duara lililolingana kabisa na kete za Warusi. Tangu siku hiyo sikupumua. Kila alipomrukisha kati ya mfalme na malkia wangu, alisema taratibu, "Mwalimu, umepinduka. Ogelea."

Kiangazi akaja mkaguzi wa shule, Mwingereza, kunywa chai kwangu. Kulikuwa na maneno kwamba huenda nikapewa shule kubwa zaidi, kwa hiyo niliazima vikombe vyenye visahani. Mjomba naye akatokea na kikapu chake kama kawaida, akaketi kwenye kona. Mkaguzi akauona ubao, akafurahi, akainama, akamwinua kiboko kwa vidole viwili na kucheka. Akauliza kwa Kiswahili, ili mjomba naye asikie:

"Nani alitengeneza hii?"

Nilikuwa na muda wa kutosha kusema ukweli. Sentensi yenyewe ilikuwa ya maneno mawili. Nikasema, "Watoto wa shule, bwana. Mchezo tu."

Mkaguzi akamgeukia mjomba, kumchangamsha. "Watoto, eh?"

"Ndiyo, bwana," alijibu mjomba. "Watoto wanapenda kuchezea visu."

Mkaguzi akaomba ampelekee binti yake yule kiboko. Nilimpa haraka, kama mtu anayetoa kitu kilichooza ndani ya nyumba. Wiki chache baadaye akaniletea farasi wa seti yake ya zamani, mrefu kuliko wenzake kwa nusu inchi, Mwingereza mtupu kati ya Warusi. Shule kubwa sikupewa.

Mjomba alipokuja nikamkaribisha acheze. Alisimama karibu na ubao, akamgusa farasi shingoni.

"Kumbe ndiye huyu. Mzuri."

"Anaruka vilevile, mjomba. Kaa tucheze."

"Aruke tu, mwalimu. Mimi nilijifunza na yule mwingine."

Nikajiambia kwamba tatizo ni yule farasi asiyefanana na wenzake, na kwamba nikipata wa Kirusi mambo yatakaa sawa. Msomi hakosi sababu. Baada ya Uhuru, vijana walipoanza kwenda kusoma Urusi, kila mmoja nilimwomba seti kuukuu ya mbao. Leo nina farasi wa Kirusi ishirini na saba na yule Mwingereza mmoja. Sijamtoa.

Mjomba aliendelea kuleta samaki hadi alipofariki, lakini sebuleni hakuingia tena. Alizunguka nyuma ya nyumba, akapiga hodi mlango wa jikoni, akamkabidhi mke wangu kikapu. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka hapo, nimepanga ubao, nikimsubiri aingie. Samahani niliyokuwa nayo ilihitaji kwanza yeye apite mlango wa mbele.

"Shikamoo, mjomba!" niliita kupitia ukutani.

"Marahaba, mwalimu," alijibu, na nikasikia miguu yake ikirudi njia ya mtoni.